Siku Nilipoiita Namba Tasa

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, maana hata leo nikiisimulia naona aibu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nimefaulu, na pale Ihanja nilitembea kifua mbele kama jogoo. Kijiji kilikuwa kimechoma matofali ya zahanati. Mwenyekiti akaniambia niyagawe sawasawa kwa vikundi vya kubeba, asionewe mtu.

Nikahesabu matofali 10,007. Nikajaribu mbili, namba inaishia na saba, ikakataa. Nikajaribu tatu, jumla ya tarakimu zake ni nane, ikakataa. Saba ikabakiza nne. Nikaendelea hivyo hadi tisini na saba, nikaishia hapo, kwa kuwa mia moja na moja ukiizidisha kwa yenyewe unaipita namba yangu. Usicheke, nilijaza daftari. Basi nikasimama mkutanoni, nikapaza sauti: "Namba hii ni tasa! Tasa haina kazi, itatusumbua tu!"

Shuleni ndilo jina lake, namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini mbele yangu alikaa shangazi Mwajuma, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Yeye hakujaliwa kuzaa, na mumewe alimfukuza kwa neno hilohilo. Akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dole hupona.

Jioni nikamkuta akipepeta uwele. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Akaendelea kupepeta. Niliogopa kweli, kwani kwetu mkubwa akikunyima marahaba, umekuwa mgeni nyumbani kwenu.

"Hiyo namba yako," akasema, "haina kazi kweli?"

"Inayo, shangazi. Namba nyingine ukizivunjavunja, mwisho unakuta zimejengwa na namba kama hiyo. Zenyewe hazivunjiki."

"Sasa hayo mbona hukuyasema mkutanoni?"

Machozi yakanitoka. Akanitazama, kisha akacheka mpaka uwele ukamwagika.

"Marahaba. Kesho ukawaambie wote waliokusikia. Na hayo saba nitayabeba mimi. Elfu kumi mgawane wenyewe, msomi wangu."

Mwanangu, nilihisi nimetuliwa gunia la alizeti mgongoni. Kesho yake nikasimama tena, nikayasema yote, na nikamwomba radhi shangazi kwa jina lake, watu wakisikia.

Kwa hiyo nakuusia: elimu uliyopata usiifiche, lakini kabla hujaitamka tazama nani amekaa mbele yako, na neno lako kwake lina maana gani. Neno la daftarini likifika kwa watu huwa na uzito mwingine. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi jikoni. Rudi palepale ulipomvunjia heshima. Mungu akuzidishie akili, na siku utakayokosea akupe mtu wa kukusamehe.