Ushuhuda Niliousema Nusu

Siku hizi mtu akisimama kanisani na kusema ana ushuhuda, mimi natazama viatu vyangu. Wanaonijua wanajua kwa nini, na nyinyi msionijua wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana aibu yangu imeshazunguka Birmingham nzima na kila ninapokwenda naikuta imefika kabla yangu.

Ilianza na kukoroma. Mwanamke mzima, kiongozi wa kwaya, mama wa watoto wawili, nilikuwa nakoroma mpaka Baba Brian (mume wangu, mtu mpole asiyependa maneno) akawa anahamia sebuleni na blanketi lake bila kusema lolote. Mchana nilisinzia kila mahali, kwenye basi, kwa wazee ninaowahudumia kazini, hata katikati ya mahubiri. Halafu moyo ukaanza kwenda mbio na kurukaruka, nikapelekwa kliniki ya moyo, na daktari, baada ya kuniandikia dawa, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: unalalaje? Nikapimwa usingizi. Kumbe nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, moyo unashtuka kama wa mtu anayekabwa, kisha pumzi inarudi kwa kishindo, na mchezo huo unaendelea hadi asubuhi bila mimi kujua. Daktari akasema kutibu moyo na kuuacha usingizi vile ni kupiga deki huku bomba linavuja. Nikapewa mashine ya kuweka kando ya kitanda, kijisanduku chenye mrija na barakoa ya puani, inapuliza hewa ili koo lisijifunge.

Sasa hiyo barakoa. Binti yangu aliponiona nayo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia kwa Kizungu (hawa wetu waliozaliwa hapa Kiswahili wanakisikia vizuri, kukizungumza ndiko hawataki) kwamba nimefanana na rubani wa ndege ya vita. Nikamwapisha asimwambie mtu. Lakini mashine ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Usingizi wa mchana uliisha, moyo ukatulia, Baba Brian akarudi chumbani, na kanisani watu wakaanza kuniuliza, Mama Brian, umependeza, siri yako ni nini?

Hapo ndipo nilipojikwaa. Jumapili moja, kwenye ukumbi tunaokodi kule Lozells, mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, nami nikasimama. Haki nilikusudia kusema yote, dawa, mashine na maombi yenu pia. Lakini nilipoziona zile nyuso, na wanaume wa kwaya wameketi pale mbele wananitazama, nikaona haya kutamka kwamba mimi mwanamke nakoroma hadi nafungwa mrija puani. Nikasema nilikuwa mgonjwa wa moyo, silali, mkaniombea, na sasa nalala kama mtoto mchanga. Nikaketi. Vigelegele vikapigwa, mtu akaanzisha pambio, nami nikajiambia kwamba hakuna neno la uongo nililosema.

Baada ya ibada Mama Neema alikuja kunikumbatia. Huyu ni Mtanzania, mjane, anaishi Shard End, mkubwa kwangu kwa umri, na wote tulijua ana moyo mpana, ule ugonjwa wa moyo kutanuka. Alinishika mikono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kwa hiyo sasa hutumii kitu chochote?" Watu walikuwa wanapita. Nikacheka kidogo nikamjibu, "Mungu ni mwema." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ushuhuda ukapendwa. Nikaalikwa kuurudia hapa na pale, na kadiri nilivyourudia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuiingiza mashine, ungeanzia wapi? Hatimaye nikaitwa niutoe kwenye kongamano la akina mama, tangu Alhamisi hadi Jumapili, katika nyumba ya mapumziko nje ya mji, tukilala wanne wanne chumbani. Fikirieni, mtu niliyetangazwa nimepona, nitoe kijisanduku na mrija mbele ya wenzangu watatu? Nikaiacha mashine nyumbani chini ya kitanda. Huko nikalala kwa kuibia, nikisikia koo linaanza tu najishtua, hivyo Jumamosi ilinikuta macho mekundu na kichwa kizito.

Mchana ule tulikula pilau, tukarudi ukumbini, joto limejaa. Nilikuwa nizungumze baada ya mhubiri mgeni, kwa hiyo fundi wa mitambo alinibana kipaza sauti kidogo kwenye kola na, kwa bidii yake, akakiwasha mapema. Nikaketishwa mbele, uso kwa uso na akina mama. Mhubiri alikuwa anafundisha juu ya subira, na alifundisha polepole sana.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mngurumo ulitoka kwenye spika, wengi wakadhani mtambo umeharibika, fundi akawa anahangaika na vitufe. Kisha mtu akaniona nimelala, mdomo wazi, kilemba kimeteleza hadi sikioni. Ukumbi ukaangua kicheko, mhubiri naye akashindwa kujizuia. Wakiwa bado wanacheka, mkoromo ukakatika. Spika kimya. Wakangoja nipumue, sikupumua, na kicheko kikaisha chenyewe, mpaka nilipovuta hewa kwa sauti ambayo wanasema iliwatoa baadhi yao kwenye viti.

Dada Wambui, muuguzi, alikuja akachutama kando yangu, akanigusa bega, akaniuliza kwa upole, "Mama Brian, umewahi kupewa mashine ya kulalia?"

Nami, nusu macho nusu usingizini, nikamnong'oneza nikiamini tuko wawili tu: "Ninayo. Nimeiacha nyumbani chini ya kitanda. Tafadhali usiwaambie hawa."

Spika zikawaambia wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kama mambo yangeishia hapo leo ningekuwa nawasimulia huku nacheka.

Ila kutoka safu ya tatu sauti ilisema, "Mimi ya kwangu niliirudisha." Alikuwa Mama Neema. Hakusimama. Sikuwa nimejua hata kidogo kwamba naye alipewa mashine, alikuwa amelificha jambo hilo kama mimi. "Nilimwambia yule nesi aliyenipa," akasema, "kuna mwenzangu amepona bila hii."

Wambui aliniacha akamwendea. Mama Neema alikuwa amevua viatu chini ya kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, havikumwingia tena. Wambui akambonyeza mguu kwa kidole, kikaacha shimo lisilorudi, akamwuliza analalaje, akajibu siku hizi analala ameketi, akijinyoosha anaishiwa pumzi. Ikaitwa ambulensi. Nilibaki mbele ya watu na kile kipaza sauti kifuani, nashindwa kukibandua.

Nilipokwenda kumwona wodini walikuwa wamemtoa maji mengi mwilini na uso wake ulikuwa mdogo. Binti yake, Neema, alimwuliza daktari mbele yangu kama ni kwa sababu ya ile mashine. Daktari akasema moyo kama ule huzidiwa kwa sababu nyingi, kukosa pumzi usingizini ni mojawapo, ila hawezi kusema ilichangia kiasi gani. Nilidhani jibu hilo lingenipunguzia mzigo. Halikunipunguzia, kwa sababu sasa sijui sehemu yangu inaishia wapi.

Daktari alipotoka Mama Neema akanigeukia. Hakunifokea, heri angenifokea.

"Mdogo wangu," akasema, "si nilikuuliza?"

Niliushika mkono wake nikalia, na akaniacha nilie.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nafasi, nikaenda na mashine kwenye mfuko, nikaitoa, nikasema yote, kukoroma kwangu na woga wangu. Hapakuwa na vigelegele. Wanawake wawili na mwanamume mmoja wa kwaya walinifuata nje, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza wanapimwa wapi.

Nimeapa kwamba nikishuhudia tena nitashuhudia mzima mzima, dawa na mrija na yote, au nikae kimya. Mama Neema alipewa mashine nyingine, anaendelea, ingawa ngazi za ukumbi wetu hazipandi tena na kazi ameacha. Kila siku nampigia simu kabla hajalala kumkumbusha avae. Ananisikiliza, halafu ananiuliza, "Na wewe?" Nikimwambia nimeshavaa, haridhiki.

"Washa kamera nikuone," anasema.

Nami sina haki ya kuudhika. Nawasha.