Nilivyoogelea Badala ya Keji

Jambo hili nimekaa nalo kifuani mwaka mzima, na hata leo nikipita soko la Malakia kuna wanawake wakiniona wanakata maji hewani kwa mikono halafu wanajifanya wanaangalia nyanya, kwa hiyo bora niseme mwenyewe kwa mdomo huu huu ulioniponza: mimi, mwanamke wa wajukuu kumi na mmoja, nilidanganya watu wa bahari, na aliyeumia ni Keji.

Keji ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nilimlea Uganda, kambini, ambako maji yalitoka kwenye bomba la kupampu kwa mkono na kina chake kilikuwa kina cha jerikeni. Mimi nilikulia hapa Juba kabla ya kukimbia vita, kando ya mto, nikajua kuogelea kabla ya kujua kusuka (meno yangu manne ya chini yaling'olewa nikiwa msichana, ndiyo ilikuwa desturi yetu, na pengo hilo likumbukeni, litaniaibisha huko mbele). Tuliporudi nyumbani Keji akaingia chuo kusomea mambo ya samaki, akawa ananiambia kwamba huko baharini kuna miti inaitwa mikoko, inasimama ndani ya maji ya chumvi, na samaki wachanga wanajificha kwenye mizizi yake mpaka wakomae. "Kama sisi kambini, haboba," akasema, maana ndivyo anavyoniita, haboba, bibi kwa Kiarabu chetu cha Juba. Nilimsikiliza nikaona huyu mtoto anaenda mbali.

Kweli ikaja nafasi. Mafunzo ya miezi sita pwani, kwenye kituo cha utafiti wa bahari, na Juba tumepewa nafasi ya mtu mmoja tu. Keji akawa wa kwanza kwenye orodha. Yalibaki mazungumzo mawili kwa simu ya video, na katika yale ya kwanza mlezi alitakiwa awepo, aseme ameridhia. Nikavaa kitenge cha kanisa, tukaingia ofisini kwa mwalimu wake, Mwalimu Lado.

Dakta wa huko pwani alikuwa mama mpole. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," mpaka nikavimba. Akamuuliza Keji hili na lile, Keji anajibu vizuri, halafu akauliza, "Na kuogelea, unajua?"

Keji akavuta pumzi. Angesema hapana, neno moja, yakaisha. Lakini mimi, nani aliniuliza? Nikasukuma uso wangu kwenye ile simu, nikasema, "Huyu? Huyu anavuka mto na ndoo kichwani!"

Keji akanikanyaga mguu. Lakini kwetu mtoto hamkanushi bibi yake mbele za watu, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kwa kofi pia. Akanyamaza. Dakta akafurahi, akasema, "Basi mtutumie video fupi akiogelea, tuiweke kwenye maombi yake."

Njiani Keji hakunipigia kelele. Alisema tu, "Haboba, mazungumzo ya pili nitawaambia ukweli, kwa heshima, na wewe hutaonekana mbaya." Angenipiga isingeniuma hivyo. Mimi nikasikia kitu kimoja tu, kwamba nitaonekana mwongo, na kwamba nafasi itaenda. (Hakuna aliyeniambia itaenda. Nilijiambia mwenyewe, maana kusoma ile fomu siwezi na kuuliza sikutaka.)

Nikaenda kwa Nalongo, mama wa mapacha kutoka Uganda, anachaji simu za watu na kuuza mandazi karibu na kwangu. Nikamweleza. Akaacha unga, akaniita bibi kwa Kiganda chake.

"Jaja, wewe iko sawa kweli? Wewe na Keji nani atawafananisha?"

"Kwa mbali, na ndani ya maji, mtu ni kichwa tu."

"Kichwa yako nyeupe kama pamba!"

"Ndiyo maana umeniazima kofia ya nailoni ya saluni."

"Mimi? Lini?"

"Sasa hivi."

Asubuhi tukashuka mtoni, pale boda wanapooshea pikipiki. Nikavaa fulana ya bluu ya Keji, nikavuta kofia mpaka masikioni, nikaingia. Na wallahi, nisiwafiche, niliogelea! Miaka yote ile ya uhamishoni mikono haikusahau kitu, nilikata maji mpaka kwenye kisiwa cha mchanga nikarudi, vijana wa boda wanapiga makofi, nikajisikia binti. Nalongo akarekodi, na kwa simu yake akaituma kwa Mwalimu Lado na ujumbe kwamba ndiyo video ya Keji. Mwalimu alikuwa safarini Bor, mtandao wa kuvizia, akaipeleka mbele pwani bila kuifungua. Sisi pia hatukuiangalia. Keji sikumwambia kitu.

Siku ya mazungumzo ya pili nikaenda na akina mama watatu wa kanisa (nani aliwaalika? mdomo huu huu), maana nilitaka wamwone akipita. Chumba kimejaa wanafunzi, dakta wa pwani anaonyeshwa ukutani, mkubwa kama pazia. Keji akasimama, nikaona ameshika karatasi, amejiandikia ya kusema. Hakuwahi. Dakta akatangulia, "Keji, kabla hujasema, tuiangalie video yako pamoja."

Keji akanigeukia. "Video gani?"

Ukuta ukawa mto. Fulana ya bluu, mikono inakata maji vizuri, wanafunzi wanaguna kwa kusifu. Halafu sauti ya Nalongo, chumba kizima: "Jaja, polepole! Goti! Angalia goti yako!" Kile kichwa kikatoka majini, kofia ikateleza, mvi zote nje, na mimi nikacheka ukutani kwa furaha, pengo la meno manne wazi kama mlango wa zizi.

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Akina mama wa kanisa nao walicheka. Keji hakucheka.

"Keji," dakta akauliza taratibu, "ni wewe huyu?"

"Hapana, daktari. Ni haboba yangu. Mimi sijui kuogelea."

Dakta akaifungua ile fomu. Akasema ukurasa wa pili wa fomu umeandikwa kwamba asiyejua kuogelea atafundishwa wiki ya kwanza, kwa hiyo hilo halikuwa kizuizi hata kidogo. Nikasimama, nikalia, nikasema mtoto hakujua, kosa ni langu, mnichape mimi. Akasema, "Bibi, ninakuamini. Lakini kitu cha uongo kimeshaingia kwenye maombi yake, na sheria ya kituo siwezi kuivunja. Aombe tena mwakani." Nafasi ikachukuliwa na kijana aliyekuwa wa pili.

Yule kijana alikuwa akimtumia Keji picha. Moja ilikuwa ya mikoko. Nilimwona Keji ameikuza kwa vidole viwili, anaitazama ile mizizi, muda mrefu, halafu akaizima akaniuliza kama nitakunywa chai.

Khalas, yamekwisha, siwezi kurudisha ile siku. Ninachoweza ni Jumamosi, tunashuka mtoni, namshika tumbo kwa chini, naye anapiga maji na kuniambia, "Haboba, usiniachie," nami simwachii.

Juzi wamempigia tena. Safari hii nilibaki nje ya mlango, nimejaza karanga mdomoni isipite hata herufi moja. Nikasikia dakta anauliza kama anajua kuogelea.

"Kidogo," Keji akajibu. "Nafika hatua kumi, halafu namshika bibi."

Karanga zikanikaba. Sikukohoa.