Helmeti ya Baba na Ukaidi wa Dada

Dada yangu mkubwa amefanya kazi makumbusho ya mkoa miaka ishirini na miwili, na mjini wanamwita Msioshe. Wala si jina la kumsifu. Mtu akileta beleshi la marehemu babu yake, amelisugua mpaka linang'aa, dada hushika kiuno na kuuliza, "Nani kawaambia muoshe?" Watu wanakuja na heshima zao, wanaondoka wamenywea.

Namwelewa, ila kidogo tu. Chumbani kwake ofisini kuna ubao wa misumari uliotoka kwenye mlango wa shimo la tatu la mgodi wa hapa mjini. Kila mchimbaji alipoteremka alitundika hapo kibati chake cha namba, akipanda anakichukua. Siku shimo lilipoporomoka, vibati arobaini na kimoja vilibaki vinaning'inia. Daftari la majina lililiwa na mchwa. Kwa hiyo dada anatafuta namba ambazo wachimbaji walijichorea wenyewe kwenye mikebe ya chakula, makoleo na helmeti ambazo familia zao bado wanazo, na adui zake wakubwa ni sabuni na msasa. Majina arobaini ameshayapata. Kibati kimoja, 217, hakina mwenyewe.

Mwenyewe ni baba yetu. Nani mwingine? Alifia humo, na vibati vingine vyote vimeshapata watu. Ukuta wa ukumbusho ulikuwa unaanza kuchongwa Jumatatu, na mchonga mawe alishasema jiwe likishapachikwa harudi tena. Mama ana miaka themanini na moja. Alichokuwa anataka ni kulisoma jina la mumewe akiwa bado ana macho.

Ijumaa nilimfuata dada ofisini, damu inanichemka.

"Dada, andika jina la baba, yaishe."

"Kwa ushahidi gani?"

"Sisi!"

"Familia mbili ziligombania kibati kimoja hapa hapa, kila moja inaapa. Tangu siku hiyo maneno ya ndugu pekee siandiki. Nikianza na ya kwetu, nitawatazamaje wengine?"

"Na helmeti yake ya zamani?"

Akacheka kwa uchungu. Baba alikuwa amepewa helmeti mpya wiki ile, nayo ikabaki chini pamoja naye. Ya zamani ipo kwa mama, juu ya kabati, na kila mwaka mama huipaka rangi, ndani na nje. Dada alipoiona mara ya kwanza alipiga kelele, "Mama, umeua ushahidi!" Mama akairudisha juu ya kabati. Hawajawahi kuizungumzia tena. Watu wazima wawili! Wananichosha.

Jumamosi asubuhi nilimchukua mama na helmeti yake, nikamkalisha mezani ofisini, uso kwa uso na dada, nikafunga mlango.

"Namba yake ilikuwa mia mbili kumi na saba," mama alisema. "Nilikuwa naishona kwenye kola za mashati yake."

"Mama, neno lako peke yake..."

"Kwangua hapo ndani, upande wa kisogo."

Dada alivaa glavu, akachukua kisu chembamba, akaanza kukwangua huku amekunja uso. Ikatoka rangi ya buluu, chini yake kijivu, chini yake nyeupe, tena buluu. Alikwangua kwa zaidi ya saa nzima. Mwisho tukafika kwenye chuma, safi, bila hata doa la kutu, na juu yake michoro ya msumari: mbili, moja, saba. Saba yake ilikuwa imepinda.

Dada aliweka kisu chini. "Ulikuwa unajua ipo?"

"Kwani unadhani nilikuwa napamba? Kutu ilishaanza kuila ukingoni. Ndiyo maana nikapaka."

"Sasa mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii!"

"Uliniuliza lini?"

Dada ameingia nyumba za wajane wote wa mgodi ule na kinasa sauti chake. Amekaa jikoni kwao kwa muda wa saa tatu, hata nne, anawasikiliza. Kwa mama anafikaga, anakula, anaosha vyombo, anaondoka.

Dada akavua glavu. Kisha akavuta kinasa sauti, akakibonyeza, akachukua fomu na kusoma swali la kwanza, lile lile analowasomea wengine.

"Taja jina lako na uhusiano wako na marehemu."

Mama akataja jina lake lote. "Mimi ni mke wake," akasema. "Na anayeuliza ni mtoto wake. Andika na hilo."