Mupishi Asiye na Bunduki

Harufu ya esanse, petroli ya jenereta, ikinipiga tu mu pua, narudi Kitshanga, mu nyumba ya mbao ya Papa Kambale. Alikuwa muchuuzi wa Butembo, anauza chumvi na sabuni, na nyuma ya duka aliweka jenereta, televisheni na mashine ya muchezo kwa sisi watoto wa kambi ya wakimbizi.

Kaseti ya muchezo ilikuwa moja tu. Ndani yake kulikuwa ule mupishi munene wa katuni, anatafuta sufuria yake iliyoibiwa. Hana silaha. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabara, polisi anamuzuia, na lazima amuchekeshe, la sivyo anatupwa mu matope. Sisi watoto wa bariyeri za kweli tulicheka mpaka mbavu zinauma.

Siku moja, jua kali, akaingia Komanda Sukari, ule aliyechoma mashamba yetu kule Ngungu. Namutaja, siogope. Akaomba kucheza, yaani akanyanganya.

"Bunduki iko wapi?"

"Papa Komanda, huyu hana bunduki," nikamujibu. "Anapita kwa kuchekesha."

"Muntu gani anapita bariyeri bila bunduki?"

"Sisi. Kila siku."

Akacheza, mupishi wake akaanguka mu matope mara tatu. Mara ya nne mimi njo nilianza kucheka, na nyumba yote ikanifuata. Akasimama, akaamuru askari wabebe vyote. Walipokuwa wanagombana na nyuzi za televisheni, nikachomoa kaseti, nikaisukuma mu kitenge, chini ya matako ya mudogo wangu niliyemubeba mugongoni. Mulangoni askari akataka kunipekua. Mutoto alikuwa amekunya.

"Toka na uchafu wako," akasema, pua amefunga.

Kesho yake Sukari akarudi. Mashine inawaka, mupishi hayuko. Akamulaza Papa Kambale mbele ya duka, fimbo juu ya fimbo. "Kaseti iko wapi?"

"Sijue." Akasema hivyo mpaka wakachoka. Mimi nilizani hajue kweli.

Nilikuwa tayari mama wa watoto, Walikale, nilipokutana na mujane wa Papa Kambale. "Alikuona," akaniambia. "Alisimama kati yako na askari kusudi wasione mukono wako. Ule muguu waliovunja kwa fimbo haukupona tena."

Miaka yote ile nilikuwa najisifu kwamba nilimushinda Sukari kwa akili yangu. Kumbe alishindwa na mugongo wa Papa Kambale. Kujisifu nimeacha. Kumutaja Sukari, sitaacha.