Shapu Niliyoiimba Bila Kuiona

Waliochapa muziki ule kwa mara ya kwanza sijawasamehe hadi leo. Walichonga noti kinyumenyume kwenye mabamba ya chuma, tena kwa haraka, na kila walipochoka wakaacha kitu. Hapa alama ya shapu, ile inayopandisha noti kwa nusu sauti, imesahaulika, pale noti imekaa mstari mmoja juu ya mahali pake, kwingine mkono wa kushoto umepewa mapigo matano wakati wimbo mzima unakwenda kwa manne. Wachapaji waliofuata wakanakili makosa yale yale kwa adabu zote, kama wanafunzi wanaoibia mtihani kwa mwenzao asiyejua kitu.

Nayajua haya kwa sababu mwishoni mwa miaka ya tisini niliyapa Jumamosi zangu zote. Nilikuwa nakaa Mesquite, kitongoji cha Dallas huko Marekani, kwa dada yangu. Siku za wiki nilifanya kazi kwenye ofisi ya mafaili ya wagonjwa, na Jumamosi asubuhi niliendesha gari hadi kaskazini ya Dallas kwa mwalimu mstaafu wa piano, Mmarekani wa miaka themanini na kitu. Alitaka nimwite kwa jina. Mtu wa umri wa bibi yangu! Nilishindwa, nikamwita Mama, akazoea.

Kwa miaka mingi alikuwa anaandaa kitabu cha vipande vya piano vya mtunzi ambaye hakuna anayemkumbuka. Alikuwa na fotokopi za matoleo ya mwanzo, na fotokopi ya mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: kitabu kisicho na kosa hata moja, kitoke kabla macho yake hayajazima. Ukungu ulishaingia katikati ya macho yale, ukurasa aliuona kwa pembeni tu. Nilikuwa nimekwenda kwake kujifunza piano; nikaishia kuwa macho yake.

Alinichosha mno. Hakukubali noti isahihishwe bila sababu inayoweza kuandikwa. Kuna noti moja tuliigombania Jumamosi tatu mfululizo.

"Inasikika vibaya," nilimwambia.

"Kwako. Pengine yeye aliitaka hivyo. Mwandiko unasemaje?"

Mwandiko ulikuwa na doa la wino mahali pale pale. Nilitamani kulia.

Nyumbani dada yangu alinicheka. "Mdogo wangu, una-drive mwendo wote huo kwenda kuangalia nukta? Wenzako wana-apply shule, wewe unagombana na marehemu!" Nilinuna, lakini Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Nilishapenda kazi yenyewe, na zaidi ya hapo nilishampenda yule mzee, ingawa alinitia hasira.

Hatimaye mchapishaji akatuma prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, kurasa sitini na moja. Mama alitaka nizilinganishe na mwandiko, noti kwa noti, kidole kimoja huku na kimoja kule. Nilipofika ukurasa wa tatu mistari ilikuwa inacheza mbele yangu. Ndipo nikatoa wazo, na ubaya ni kwamba lilikuwa langu mwenyewe.

Mimi nimelelewa kwenye kwaya ya kanisa huko Kilimanjaro, kwaya ya solfa, inayosoma noti kwa do, re, mi hadi ti. Kwetu ukinakili wimbo kwa mkono, nakala haikaguliwi kwa macho. Unasimama, unaimba kutoka kwenye karatasi yako, na kama hakuna aliyekunja uso, nakala imepita. Nikamwambia Mama: wewe vipande hivi unavijua kwa moyo, basi mimi niimbe prufu, wewe usikilize.

Wazo lilimfurahisha. Alikaa kwenye kiti chake, macho kayafumba, na mimi nikaimba kila ukurasa, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Palipokuwa na kosa aliinua kidole. Katika Jumamosi nne alikiinua mara mbili tu. Nilijivuna, nakiri. Tukatia sahihi, prufu ikarudi.

Kitabu kilipotoka, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu huko Houston, alituandalia alasiri moja kwenye ukumbi mdogo. Nilimpeleka Mama kwa gari, njia nzima kitabu kakipakata. Alivaa lulu. Msichana wa miaka kama kumi na sita akakaa kwenye piano, akafungua kitabu chetu, akaanza kipande cha tatu. Alicheza vizuri hadi mstari wa nne, akapiga F ya kibao cheupe, isiyopandishwa, mahali pasipo pake. Hata mimi nilishtuka.

"Shapu!" Mama aliropoka kutoka kiti cha mbele.

Msichana aliacha kupiga. Akainama kutazama, akasema kwa upole, "Samahani, haimo kwenye kitabu."

Mama alinisukumia nakala yake. "Tazama."

Nikatazama. Haikuwemo. Na mdomo wangu, wenyewe tu, ukasoma noti ile: ti.

Hapo nikaelewa, nikapata joto hadi masikioni. Kwenye solfa, wimbo ukihamia ufunguo mwingine, do inahama nao. Kipande kile kilihamia G, G ikawa do yangu, na F iliyo chini yake ikawa ti. Mwanakwaya hangoji kuandikiwa shapu ili aipandishe ti. Koo linapanda lenyewe. Niliimba shapu ambayo haikuwemo, na Mama akasikia alichotaka kusikia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa kila Jumamosi, na bado sikutazama.

Watu walipiga makofi mwishoni, wakanywa chai, wakamsifu. Mama alishukuru kila mmoja. Tulipoingia kwenye gari alinizuia mkono nisiwashe.

"Fungua ukurasa wa kwanza," akasema. "Soma. Usiimbe."

Nikasoma kwa herufi, kwa sauti kavu kama karani: G, A, B, F. Alama? Hakuna. Palepale, tukiwa bado kwenye maegesho, nilipata kosa jingine, kisha jingine, kila mahali wimbo ulipohama. Tulipofika ukurasa wa tisa yalikuwa matano. Nikatoa kwenye mfuko wake fotokopi ya toleo la kwanza. Lilikuwa na shapu zote tano.

Nilijichukia kwa nguvu. Nikamwambia nisamehe, Mama, ni mimi niliyeziacha.

Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alichukua kitabu, akakisogeza karibu na uso, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, akiutafuta ule mstari wa nne kwa pembe ya jicho. Hakuupata.

"Mimi ningeiona kasoro hii," akasema. "Miaka miwili tu nyuma, ningeiona."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Ungeiona."