Pikapu ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pole, na hakuna aliyekumbuka vizuri ni nani aliyeanza. Sababu yenyewe ilijulikana. Gari lilipoingia karakanani kwake likikohoa, likivuja au likiburutwa kwa kamba, yeye alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayempima mgonjwa homa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole." Hakuwa anamwambia mwenye gari, alikuwa analiambia gari. Wenye magari wengine walinuna kidogo, maana wao ndio waliokuwa wamesukuma.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno ya kuhesabika. Karakana yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, na sakafu iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi ya kung'aa. Nyuma ya karakana palikuwa na nyumba, na chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa cha mke wake na cherehani yake. Mgeni akibisha hodi na kuuliza kama fundi yupo, aliulizwa kwanza, "Wa nguo au wa magari?"

Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemtia kiwewe, naye ni mama mkwe. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Alikuwa mpole, mcheshi hata. Lakini Fundi Pole, mbele yake, alijikuta hajui aiweke wapi mikono yake. Akiificha nyuma anafanana na mtuhumiwa, akiilaza magotini inaonekana ile oili iliyoingia kwenye kucha na kugoma kutoka. Basi alikuwa akiamkia, akiitikia, halafu anakumbuka kwamba kuna gari linamsubiri.

Mama mkwe aliishi ng'ambo ya vilima vya mchanga. Lami ilikwisha kwenye nguzo ya mwisho ya umeme, na hapo ndipo mabasi yalipogeuzia. Kutoka hapo ilikuwa mchanga mtupu, mlaini, unaomeza mguu mpaka kifundoni. Mtu alitembea, au alipanda mkokoteni wa punda. Nyumba yake ilikuwa karibu na kisima, nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, na hapo alikuwa na mbuzi wake, bustani yake ndogo na majirani waliozeeka naye. Binti yake alimwomba ahamie mjini zaidi ya mara moja. Kila mara alijibu, "Nitaona," na walioifahamu ile "nitaona" walijua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kisha goti likaanza kumsumbua. Siku aliyokuja kuonana na daktari, mkokoteni ulisimama mbele ya karakana, na Fundi Pole alikuwa wa kwanza kumwona. Mama alikuwa amenyoosha mguu juu ya gunia, akiushika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Safari ilikuwaje?"

"Marahaba, mkwe wangu. Safari nzuri tu, sina la kulalamika."

Lakini aliposhusha mguu kugusa ardhi, alifumba macho, akakaa hivyo kitambo, kisha akayafumbua na kuuliza kama binti yake yumo ndani. Fundi Pole aliona. Lile neno alilozoea kuyaambia magari kutwa nzima, mbele ya mama halikutoka.

Daktari alisema goti halihitaji kupasuliwa, linahitaji mazoezi na kukandwa, kila wiki, pale hospitali, mpaka lilegee. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akasema ataona. Kesho yake akapanda mkokoteni, akarudi kwake.

Wiki hiyo Fundi Pole akaivuta pikapu yake kutoka nyuma ya karakana. Ilikuwa pikapu kuukuu aliyoiokoa kwa wauza vyuma chakavu, na kazi yake ilikuwa kubeba vipuri. Injini ilikuwa nzima. Bodi ilikuwa na rangi tatu, na hakuna kati ya hizo iliyokuwa ya kiwandani. Mkewe alitoka na utepe wa kupimia shingoni, akamkuta amelala chini ya gari.

"Unafanya nini?"

"Nataka ifike kwa mama."

Mkewe alichuchumaa ili amwone uso. "Mume wangu, kule labda wapite wenye magari yanayosukuma kwa magurudumu yote manne. Hii yako inasukuma kwa mawili."

"Baiskeli inasukuma kwa moja."

"Na kule baiskeli hubebwa begani."

Fundi Pole akarudi kwenye nati aliyokuwa akiifungua.

Alichokuwa akikiwaza kilikuwa hiki. Gari lenye pua nzito huchimba mchanga kwa mbele kama jembe, na magurudumu ya nyuma yasiyo na uzito juu yake huzunguka bure. Basi akaanza kuhamisha uzito. Aliliondoa bampa la chuma la mbele, ambalo lingeweza kusimamisha treni, akaweka bomba jepesi. Betri akaitoa mbele na kuijengea kisanduku nyuma kwenye sehemu ya mizigo. Tairi la akiba nalo likaenda huko. Nyuma aliweka matairi mapana yaliyowahi kutumika kwenye gari la kusambaza mikate, mbele akaweka membamba kidogo ili usukani usiwe mzito. Chini ya injini alifunga bamba la chuma alilolikunja kwa mbele kama ulimi wa kiatu, ili gari likigusa mchanga liteleze badala ya kuchimba. Bomba la kuvutia hewa akalipandisha mpaka usawa wa paa, vumbi lisiingie kwenye injini.

Kazi ngumu ilikuwa difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Kwenye mchanga difu ina tabia mbaya: gurudumu moja likipoteza mshiko, linapewa nguvu zote lizunguke kama feni, na lenzake linabaki limekaa tu. Alifikiri siku kadhaa, akaichomelea kwa ndani ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, yakipenda yasipende. Ilifaa mchangani, lakini kwenye lami, kila alipokata kona, tairi lililia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Majirani walikuwa wakimsikia kabla hajatokea.

"Siwezi kupanda gari linalonitangaza hivyo," mkewe alisema. Lakini jioni hiyo hiyo alikuwa anashona mikanda mirefu ya turubai, yenye mishono minene ya kukatana, ya kutandika chini ya matairi yakikwama. Na bila kuambiwa na mtu, akashona mto wa kiti cha abiria, mnene upande mmoja, wa kuegemeza goti.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Yeye na mkewe walipofika kwenye nguzo ya mwisho, Fundi Pole alipunguza upepo wa matairi, lakini kwa uchache, akihofia tairi lisije likachomoka kwenye ringi. Wakaingia mchangani. Kilima cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kilipoanza kupanda, yeye, kwa ule upole wake, akainua mguu ili abadilishe gia taratibu. Gari likapoteza mwendo. Akakanyaga mafuta kwa nguvu kulifidia, na magurudumu ya nyuma yakajizika mpaka ekseli ikalala juu ya mchanga.

Walichimba kwa beleshi, wakatandika turubai, wakachimba tena. Habari zilifika kisimani kabla yao, na haukupita muda mama mkwe akatokea juu ya kilima na fimbo yake, taratibu, hatua kwa hatua. Alisimama akaitazama pikapu, kisha akamtazama mkwe wake aliyejaa mchanga mpaka kwenye nyusi.

"Umekwama kwa sababu ulisimama, au umesimama kwa sababu ulikwama?"

Fundi Pole alilifikiria swali kwa uaminifu. "Nilisimama kwanza, mama."

"Hata punda hatumruhusu asimame hapo," alisema mama, akaketi kwenye kivuli cha gari kuwasubiri.

Walirudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo, kisha nyumbani. Fundi Pole hakukata tamaa. Aliazima kwa rafiki yake mwenye lori meno ya ekseli ya nyuma yanayotoa nguvu zaidi kwa mwendo mdogo, ili injini isihitaji kubadilishiwa gia katikati ya kilima. Aliyapunguza matairi upepo mpaka yakavimba ubavuni kama donge la unga lililokandamizwa na kiganja, akagundua kwamba hayachomoki kwenye ringi ilimradi usikate kona kwa pupa. Na alijifunza jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kuchomelea difu: kutoinua mguu. Ukianza kilima, umekianza.

Mara ya pili walipita. Pikapu ilipanda, ikayumba mkia, ikanguruma, ikashuka upande wa pili na kusimama kisimani mbele ya watu waliokwisha kuacha ndoo zao. Mke wa Fundi Pole alishuka akicheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, chukua mtandio. Kesho ni siku ya hospitali. Tunakwenda leo, unalala kwetu."

Mama mkwe aliizunguka pikapu. Alisifu rangi zake tatu. Alijaribu mto. Kisha akasema, "Nitaona," akaingia ndani kuchemsha chai.

Binti yake alikasirika, akaenda kuwaamkia majirani ili asiseme neno baya. Fundi Pole akabaki peke yake na mama mkwe, jambo alilokuwa amelikwepa miaka yote ya ndoa yake. Alishika kikombe. Chai ilikuwa ya moto, lakini alikishika hivyo hivyo.

"Mama," alisema, "gari nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu. Gari zuri." Mama alinyoosha mguu wake polepole. "Tatizo ni kwamba linafika. Zamani binti yangu alikuwa akisema nihame, na mimi nilikuwa na huu mchanga wa kunisaidia kukataa. Sasa mmeupita. Nikipanda leo, nitaambiwa nipumzike kidogo, halafu kidogo kingine. Mbuzi watapewa jirani. Nyumba itafungwa kwa muda. Nimeona wenzangu wakiondoka hivyo, kwa muda."

Fundi Pole aliweka kikombe chini.

"Mimi nimeitengeneza iende na irudi," alisema. "Siku utakayoniambia nikurudishe, nitakurudisha. Hata binti yako akininunia."

"Atakununia kweli."

"Najua, mama. Namfahamu."

Mama mkwe alicheka, akanyanyuka kutafuta mtandio.

Goti lilikandwa wiki baada ya wiki. Mara nyingine mama alilala mjini, mara nyingine alirudi siku ile ile. Ilipokaribia mwisho wa matibabu, upepo mkali ulianza kuvuma na kuhamisha vilima, ikabidi akae mjini mpaka utulie. Hapo ndipo Fundi Pole aliporudi kutoka karakanani na kukuta cherehani iko koridoni. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda, pazia jipya lenye maua madogo, na kiti cha kuegemea dirishani. Kilikuwa chumba kizuri. Kila mshono wa pazia lile ulionyesha mapenzi, na ndiyo maana alisimama mlangoni muda mrefu asijue aanzie wapi.

"Nilimwahidi nitamrudisha," alimwambia mkewe.

"Mimi ni mtoto wake."

"Na mimi ni mkwe. Mtoto akivunja neno hukasirikiwa, akasamehewa. Mkwe je?"

Mkewe hakucheka. Alikaa kwenye kitanda kipya, akalivuta pazia, akaliachia. "Wewe unaona goti. Mimi naona siku atakapoanguka karibu na kisima, na mimi niko hapa nashona gauni la mtu, nimsubiri mpaka mume wangu amalize gari la watu ndipo nipelekwe kwa mama yangu."

Fundi Pole alimtazama. Miezi yote hiyo ya kuhamisha betri na kupima matairi, hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja.

"Basi nitakufundisha kuendesha," alisema.

Alimfundisha kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa tayari kwa subira ndefu. Haikuhitajika. Mguu uliokanyaga pedali ya cherehani tangu usichana ulijua kitu ambacho wa Fundi Pole ulikuwa bado unakitafuta: kukanyaga kwa kiasi kile kile, bila kukaza, bila kulegeza, mpaka mshono ufike mwisho. Siku ya tatu alipanda mwinuko ambao mumewe alikuwa ameukwepa.

Upepo ulipotulia, mama mkwe alisema anataka kwenda nyumbani, na safari hii hakuna aliyebishana. Binti alikaa kwenye usukani. Mama alikaa pembeni yake, goti kwenye mto. Fundi Pole akafungua mlango ili ajibane kando yao.

"Wewe panda nyuma," alisema mama mkwe. "Si ulisema nyuma panahitaji uzito?"

Basi alipanda sehemu ya mizigo, kati ya betri na gunia la pumba za mbuzi, akajishika. Vilima vilikuwa vimehama, njia ya zamani haikuonekana, na mara mbili gari liliyumba mkia mpaka akafikiri yatarudi yale ya beleshi. Lakini mguu ule mbele haukuinuka. Alisikia injini ikivuta kwa sauti moja, bila kukatika, na kupitia kioo cha nyuma aliona vichwa viwili vinavyofanana, vikizungumza na kutikisika pamoja.

Walipofika, mama mkwe alishuka mwenyewe, akaegemea fimbo, akamwelekeza binti yake alizungushe gari nyuma ya nyumba. Huko palikuwa pamesawazishwa, pametandikwa matawi makavu na mawe bapa ili matairi yasizame, na juu pamewekwa kipande cha bati cha kivuli. Jirani ndiye aliyefanya kazi hiyo, wiki kadhaa zilizopita, kwa maagizo ya mama.

"Egesha hapo," alisema. "Uso uelekee mteremko, iwe rahisi kutoka. Na ukija wiki ijayo niletee uzi mweupe, wangu umekwisha."