Mwalimu Aliyejipa Sifuri

KITWE, Zambia. Saa mbili na robo asubuhi. Chilekwa Nsofwa anaketi, anavua viatu chini ya meza, anaweka kitumbua juu ya karatasi na kufungua jaribio la kwanza la siku. Haliendeshi. Analisoma kwanza, kidole kikitembea juu ya kioo cha kompyuta mstari kwa mstari, kama alivyosoma karatasi za hesabu za Darasa la Kumi na Mbili kwa miaka ishirini na sita.

Lina mistari kumi na tisa tu. Analisoma mara mbili. Kisha anafanya jambo ambalo wenzake kumi katika karakana hii ya programu walikuwa wakilicheka: anauzima ulinzi ambao jaribio limeandikwa kuupima, halafu analiendesha hivyohivyo.

Rangi nyekundu inatokea. Jaribio limefeli. Mama huyu, Ba Chilekwa kwa heshima ya Kibemba, anaridhika na kuuma kitumbua chake.

"Huyo ni mwanafunzi ambaye hakusoma," anasema. "Kila mtihani nampa yeye kwanza. Akifeli, sawa, mtihani una akili. Akifaulu, mtihani ndio mjinga."

Anasema kwa sauti ndogo ya mkwaruzo, na ukitaka kumsikia inabidi usogee. Chaki na madarasa ya wanafunzi sitini sitini viliimaliza sauti hiyo. Alipofika miaka hamsini daktari alimpa achague, aendelee kufundisha au aendelee kusema. Alikaa nyumbani kidogo, akachoka kukaa bure, na leo akiwa na miaka hamsini na miwili ni msahihishaji wa majaribio ya kompaila.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Karakana hii inatengeneza kompaila ya lugha ya C, lugha ya zamani inayoendesha mitambo mingi na ambayo, kwa tabia yake, haimuulizi mtu anakwenda wapi.

Ba Chilekwa hueleza kwa mtaa wake wa Wusakile. "Chukua nyumba kumi. Kwenye C una kidole cha kuonyeshea nyumba. Kinaruhusiwa kuonyesha ya kwanza mpaka ya kumi. Kinaruhusiwa hata kuonyesha pale baada ya ya kumi, penye mtaro, ili ujue mtaa umeisha. Kuonyesha tu. Ukibisha hodi pale mtaroni C haikuzuii, inakufungulia. Nani kafungua, hujui."

Kazi ya karakana ni kuweka mlinzi anayemsimamisha kila anayebisha hodi nje ya mtaa. Kazi yake yeye ni kuhakikisha majaribio 1,906 yanayompima mlinzi huyo yanampima kweli. Ni kazi ya kuketi. Hakuna atakayepiga picha.

Aliyemleta hapa ni Kasonde Lengwe, meneja wa karakana, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na si wa kujivunia. Kasonde alimfuata nyumbani akiwa na mfuko wa machungwa.

"Nilimwambia sihitaji mtu wa kompyuta, hao ninao," anakumbuka Kasonde. "Nahitaji mtu asiyeamini jibu sahihi mpaka aione njia. Ba Madam alininyima alama mwaka mzima kwa sababu ya njia."

"Hukuwa na njia," anasema Ba Chilekwa bila kuinua macho. "Ulikuwa na jirani."

Karakana nzima inacheka, na Kasonde anacheka kuliko wote. Hapa kila mtu humwita Ba Madam, hata waliosomeshwa mbali na chaki yake.

Lakini ukitazama chini ya kila jaribio analolimaliza, utaona kuwa sahihi si yake. Anasoma, anazima, anaendesha, anaandika maoni. Anayeweka sahihi ni Kasonde. Imekuwa hivyo tangu Novemba.

Novemba ile karakana ilikuwa inaandaa toleo jipya. Desturi ya kuzima ulinzi Ba Chilekwa alikuwa ameianza Agosti tu, kwa majaribio mapya. Yale aliyoyapitisha mwanzoni, akiwa bado mgeni wa kazi, hakuwa ameyarudia. Wiki moja ya mvua kubwa aliamua kujisahihisha mwenyewe.

Akafungua folda ya majaribio thelathini na nane, yote ya kubisha hodi mtaroni, pale hatua moja baada ya mwisho. Chini ya kila moja, sahihi yake ya Januari. Akamzima mlinzi. Akayaendesha.

Yote thelathini na nane yalipita.

"Nilidhani nimesahau kuzima. Nikazima tena. Kijani," anasema. "Mwanafunzi hakusoma na kapata mia kwa mia, somo zima."

Sababu ilikuwa ndogo hadi inatia aibu. Kila jaribio lilitakiwa lianze kwa kusoma faili la namba, kisha libishe hodi, na lihesabiwe limepita iwapo litasimamishwa. Faili lilikuwa limehamishiwa folda nyingine. Programu zilikuwa zinajikwaa mlangoni kwao na kufa kabla hazijafika mtaani. Mashine iliona zimesimama ikaandika ushindi.

Akalirudisha faili mahali pake, akamwasha mlinzi, akaendesha upya. Thelathini na saba yalipita, safari hii kwa haki. Moja lilifeli. Mlinzi, kwa aina moja ya kidole, alikuwa anamruhusu mtu abishe hodi mtaroni kwa sababu tu aliruhusiwa kupaonyesha.

Pengo hilo la mlinzi lilikuwa limekwisha kutoka nje miezi tisa kabla. Kompaila yenyewe ilikuwa imetumiwa na mteja anayetengeneza vidhibiti vya winda, mtambo unaoshusha na kupandisha wachimbaji mgodini. Ndani ya kidhibiti kuna orodha ya vituo, kina kwa kina, mpaka cha mwisho; programu ikibisha hodi baada ya hapo, winda inaweza kupokea amri isiyojulikana. Vidhibiti vitatu vilikuwa kazini kwenye mashimo matatu ya ukanda wa shaba. Katika mojawapo, mume wake Evaristo hushuka kila asubuhi.

Alikwenda kwa Kasonde na karatasi mkononi. Kasonde hafichi alichomjibu.

"Nilisema, Ba Madam, tunarekebisha leo. Toleo jipya linatoka Ijumaa. Wao wataliweka Machi, wakisimamisha mitambo kwa matengenezo. Kosa limekwisha."

"Limekwisha lini?" aliuliza Ba Chilekwa.

"Ijumaa."

"Au Machi?"

Kasonde akasema jambo la kweli: winda ina breki mbili nyingine ambazo hazijui habari za programu.

"Hizo breki nazo," akauliza mwalimu, "nani alizisahihisha?"

Kuna kitu kingine ambacho wote wawili walikuwa wanakijua. Mkataba na mteja unasema msahihishaji aliyeweka sahihi kwenye jaribio la uongo anaondolewa kwenye orodha ya wenye sahihi. Ba Chilekwa hana shahada ya kompyuta. Ana cheti cha ualimu na ile sahihi. Ikiondoka, huenda kazi nayo ikaifuata.

"Nilimpa njia," anasema Kasonde. "Tuandike barua, tuseme timu imegundua, timu imekosea. Hakuna jina."

Ba Chilekwa alikataa. "Karatasi ya mtihani wa taifa ina namba ya msahihishaji. Ikikosewa hawasemi chumba kimekosea. Nikisema timu, nimekuibia jina jema wewe na hawa wengine ili nijifunike."

Wakakubaliana waliwaze usiku, waandike kesho. Akarudi Wusakile, akasonga nshima, ugali wa kwao, akakaanga dagaa wa kapenta. Mazungumzo ya mezani Evaristo anayasimulia mwenyewe, akiwa amevaa fulana ya kazini. Nyumbani wanaitana kwa jina la mtoto wao, Bashi na Bana, baba na mama Mapalo.

"Aliniuliza, Bashi Mapalo, kesho unashuka? Nikamwambia nashuka, kwani Jumatano sisi huwa tunapaa?"

"Usishuke," alisema mkewe.

Evaristo alicheka, akaona anacheka peke yake. Ba Chilekwa akamweleza yote, mtaro, mlinzi, orodha ya vituo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa ni lako, Bana Mapalo?"

"Langu."

"Sawa. Mimi nimeambiwa. Wenzangu thelathini na wanne wa zamu yangu wataambiwa na nani?"

Ba Chilekwa hakumaliza kula. Alinawa mikono, akampigia Kasonde simu, na barua ikatoka kwenda kwa mteja saa moja jioni hiyohiyo, ikiwa na jina moja tu, la kwake.

Asubuhi mashimo matatu hayakushusha mtu. Winda zilisimama kwa muda wa saa kumi na tisa wakati vidhibiti vikiwekewa programu mpya. Mafundi walichungua kumbukumbu za mashine: katika miezi yote tisa, hakuna aliyewahi kubisha hodi mtaroni. Hakuna aliyeumia. Pengo lilikuwepo, na bahati ikawa inalipita kila siku.

Mtu angetegemea shukrani. Wanaume wa zamu ile walipoteza posho ya siku. Evaristo aliitwa "mume wa likizo" hadi Krismasi, na hilo alilibeba. Kwa mkewe ilikuwa ngumu zaidi. Jirani mmoja, ambaye mume wake ni wa zamu hiyo, hakumsalimia kwa wiki mbili. Siku aliyovunja ukimya alimuuliza kwenye bomba la maji: "Sasa Ba Madam, kama hakuna kilichotokea, mlisimamisha nini?"

"Kilichokuwa hakijatokea hakionekani," anasema Ba Chilekwa. "Nilimsaidia kubeba ndoo."

Mteja alifuata mkataba. Sahihi yake iliondolewa kwa miezi tisa, pamoja na posho ya kwacha 2,200 kwa mwezi iliyokuja nayo. Kazi alibaki nayo, kwa sababu katika barua hiyohiyo ya adhabu mteja aliomba majaribio yote 1,906 yapitiwe upya kwa njia ya mwanafunzi ambaye hakusoma, na akataka aliyeibuni ndiye asimamie. Leo amefikia la 1,340. Amekuta mengine ishirini na mawili ya uongo. Hayakuwa yake.

Barua haimuumizi. Linalomuumiza ni siku ile ya Januari, ambayo anaikumbuka vizuri kuliko anavyotaka.

"Nilikuwa mgeni, naogopa kila kitu. Yakatokea thelathini na nane, yote kijani, mara ya kwanza tu. Nikafurahi. Nikanunua chikanda, ile keki yetu ya mizizi na karanga, nikawaletea wenzangu." Anakunja karatasi ya kitumbua. "Darasa zima limepata mia, na mimi mwalimu sikushtuka. Miaka ishirini na sita. Karatasi kama hizo ningezifuata mpaka nyumbani kwa mtoto."

Kasonde anamwambia aache, kwamba amekwisha kulilipia. Yeye anafungua jaribio linalofuata.

Agosti ataruhusiwa kuomba sahihi yake tena. Ataiomba, anasema, kwa sababu kusoma bila kuweka jina kunamzoesha mtu uvivu. Lakini si hilo alilolipigania. Kasonde alipotaka kuyafuta majaribio yale thelathini na nane ya zamani, alikataa. Ametaka yabaki kama yalivyokuwa Januari, sahihi yake ikiwa chini, na kila mfanyakazi mpya wa karakana apewe siku ya kwanza, ayasahihishe bila kuambiwa kitu.

Kasonde aliipa folda jina la heshima, "Mifano ya Mafunzo". Ba Chilekwa alilifuta. Sasa inaitwa "Kosa la Chilekwa".

Hadi sasa imefunguliwa na watu wawili. Wa kwanza alitumia dakika arobaini kugundua kuwa hakuna programu inayofika mtaani. Wa pili ni Misozi, msichana aliyemaliza chuo kwa alama za juu, mwepesi wa mikono. Yeye aliyapitisha yote thelathini na nane kabla ya chakula cha mchana, akageuza kiti, akatabasamu.

Ba Chilekwa alikwenda akaketi karibu naye ili asikike.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Nimefurahi, Ba Madam."

"Hata mimi nilifurahi. Anza tena."